Kinywa na Karatasi: Shahidi Asikilizwe Namna Gani?



Amri ya nane ya Mungu yatukataza kumshuhudia jirani yetu uongo. Amri hii tuliijua tangu tulipokaa chini ya mwembe na katekisimu mkononi, na kila mmoja wetu adhani kwamba anaielewa: usiseme lisilo kweli. Lakini liko swali ambalo wakati ule hatukuulizwa. Je, yawezekana mtu kumshuhudia jirani uongo kwa kutumia maneno ambayo jirani huyo ameyasema mwenyewe? Na tena: maneno ya shahidi yakiandikwa kwa mkono wa mtu mwingine, kwa lugha nyingine, ashuhudiaye ni nani? Ni yeye aliyesema, ama ni yeye aliyeandika?

Naliuliza swali hili kwa sababu lilinipata mimi mwenyewe, wala siku ile sikulijibu vizuri.

Habari ya chumvi

Mimi ni mwalimu wa dini hapa Piana-Mwanga, penye maporomoko ya mto Luvua, ule utokao katika ziwa Mweru na kwenda kujiunga na Lualaba huko Ankoro. Watu wa mbali wapajua mahali hapa kwa sababu ya mtambo wa umeme uliojengwa wakati wa Wabeleji kwa ajili ya machimbo ya bati ya Manono. Sisi tukaao hapa twapajua zaidi kwa ubaya wa barabara. Kifuku kikiingia, kamyo hulala njiani siku nyingi, na vitu vyote vitokavyo Kalemie hupanda bei: sabuni, sukari, na zaidi ya yote chumvi, ile ivukayo ziwa Tanganyika kutoka upande wa Kigoma. Mtu aweza kuishi bila sukari. Bila chumvi, hata mboga ya shamba lake mwenyewe haimpendezi.

Kifuku kimoja, miaka michache iliyopita, wauza chumvi wanne wa soko letu walipandisha bei siku moja, na kwa kiasi kilekile. Watu wakanung'unika. Manung'uniko yakafika mbali, na mvua ilipokwisha akaja mkubwa mmoja wa serikali kuchunguza. Akasema: sheria yakataza wachuuzi kupatana kwa siri juu ya bei; nitaandika maneno ya kila mmoja, na wenye kosa watalipa faini.

Mmoja wa wale wanne alikuwa mama mjane, auzaye chumvi kwa kopo. Yeye ajua Kiluba na Kiswahili. Mkubwa yule alijua Kifaransa na Lingala, na Kiswahili kidogo tu. Basi mimi nikaitwa niwe mkalimani, na kwa kuwa mwandiko wangu ni mzuri, nikapewa na kalamu pia. Mama akaulizwa: ilikuwaje bei ikapanda siku moja? Akajibu kwa sauti ndogo: "Tulisikilizana habari ya bei ya Kalemie, kwamba imepanda."

Ndugu msomaji, angalia neno hilo. Kusikilizana ni watu wawili kupashana habari, huyu akamsikia yule. Lakini kusikilizana ni pia kupatana, kuwa na shauri moja. Kifaransa nacho kina neno la namna hiyohiyo: wenye kusikiana na wenye kupatana hutajwa kwa tendo lilelile. Nami nikaliandika neno hilo bila kufikiri. Sikujua kwamba katika vitabu vya sheria za biashara neno entente ndilo jina lenyewe la kosa. Jioni ilikuwa inaingia, mkubwa alikuwa na haraka, mimi nilikuwa na njaa. Sikumsomea mama niliyoyaandika. Akatia dole gumba katika wino, akabonyeza karatasi, akaenda zake.

Mchuuzi wa nne, tajiri kuliko wote, mwenye kamyo lake, hakusema neno kwa kinywa. Alileta barua iliyopigwa kwa mashine, yenye mhuri, iliyotungwa na mtu mwenye elimu. Barua ilisema kwamba yeye alipanga bei yake peke yake, kwa kuhesabu gharama za safari. Ilikuwa barua nzuri sana. Mkubwa akaisoma, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaitia katika mfuko wake. Hakumwuliza yule bwana swali hata moja.

Mwisho wake ulikuwa huu: watatu walitozwa faini, na wa nne hakutozwa. Mama akauza mbuzi zake mbili. Halafu akaja nyumbani kwangu, hana hasira, akaniambia: "Mwalimu, wameniambia nimekiri. Nilikiri nini?" Hapo ndipo nilipomwuliza lile swali moja ambalo lilipasa kuulizwa siku ile: Mama, habari ya bei mliisikia kwa nani? Akajibu mara moja: "Kwa mtoto aliyetumwa na yule bwana mwenye kamyo. Alipita kwa kila mmoja wetu jioni, akisema, kesho Bwana auza kwa bei hii."

Kumbe! Swali moja la maneno machache, na shauri zima lingaligeuka. Mama hakuwa bila lawama kabisa, maana alisikia bei ya mwenzake akaifuata, na asubuhi wanunuzi wake walilipa. Lakini hakuwa ndiye mwenye shauri. Karatasi yangu ilimfanya kuwa mwenye shauri, na karatasi ya tajiri ilimfanya tajiri kuwa mtu safi.

Kwa nini sheria yakataza mapatano hayo

Pengine utasema: jambo hili ni dogo, ni habari ya soko. Hapana. Wachuuzi wakipatana kwa siri, mnunuzi hana pa kukimbilia. Akitoka duka hili kwenda lile, akuta mlango uleule wa bei. Huo ni wizi usio na mwivi aonekanaye. Papa Pius wa 11, katika barua yake kubwa ya mwaka 1931 juu ya mambo ya kazi na mali, alionya kwamba mashindano yasiyo na mpaka hujiua yenyewe, na mahali pake huinuka utawala wa wachache wenye mali. Kwa sababu hiyo serikali zimeweka sheria.

Katika nchi yetu sheria za namna hii si ngeni. Tarehe 24 Februari 1950, wakati wa ukoloni, ilitolewa amri juu ya mashindano yasiyo ya haki katika biashara. Tarehe 20 Machi 1961 ikafuata sheria juu ya bei. Na tarehe 9 Julai 2018 ilitolewa sheria kubwa ya uhuru wa bei na ya mashindano ya biashara. Tena Kongo imo katika umoja wa nchi za COMESA, ambao tume yake ya mashindano ya biashara ilianza kazi mwaka 2013 huko Lilongwe, Malawi.

Wala sheria hizo hazilali kitabuni. Huko Afrika ya Kusini, makampuni makubwa ya mkate yalipatana juu ya bei, na mwaka 2006 wauza mkate wadogo wa upande wa Cape ndio waliopiga kelele. Kampuni moja, Premier, ilikiri na kusamehewa. Ya pili, Tiger Brands, ilikubali kosa mwaka 2007 na kulipa karibu randi milioni 99. Ya tatu, Pioneer, ilibisha mbele ya baraza la hukumu, na mwaka 2010 ikatozwa randi zaidi ya milioni 195. Kenya nayo, mwezi wa Agosti 2023, iliyatoza makampuni 9 ya chuma faini ya jumla ya shilingi zaidi ya milioni 338. Na sheria ya Tanzania ya mwaka 2003 iliandikwa na faini ya kuanzia asilimia 5 hadi 10 ya mauzo ya mwaka mzima.

Tazama ukubwa wa malipo hayo. Faini ya namna hii si kama deni ambalo mtu humlipa mwenzake. Ni adhabu. Yaondoa mali, yaharibu jina, yaweza kufunga duka na kuwaacha wafanyakazi bila chakula. Na kwa mjane wa kijijini mbuzi mbili ni kitu kikubwa kuliko mamilioni kwa kampuni. Basi atakaye kuadhibu lazima awe na ushahidi ufaao kuadhibu. Ndipo linapokuja swali letu: ushahidi huo uje kwa kinywa, ama uje kwa karatasi?

Neno la kinywa

Wako wasemao: kwa kinywa tu. Sababu zao si ndogo. Katika Matendo ya Mitume twasoma jinsi liwali Festo alivyomweleza mfalme Agripa desturi ya Warumi, ya kwamba hawamtoi mtu kabla hajakutanishwa uso kwa uso na wanaomshitaki, apate nafasi ya kujitetea. Festo hakuwa Mkristu, bali alijua kwamba mshitaki aliyejificha nyuma ya karatasi si mshitaki wa haki.

Na katika kitabu cha nabii Danieli tunayo habari ya Suzana. Wazee wawili, waamuzi wa watu, walimshitaki mke mwema kwa zina. Maneno yao yalilingana sana hata watu wote wakasadiki. Kama yangaliandikwa katika karatasi, yangalikuwa ushahidi mzuri kabisa: mashahidi wawili, wenye heshima, wasemao neno moja. Kijana Danieli alifanya nini? Aliwatenga mmoja mmoja, akamwuliza kila mmoja: uliwaona chini ya mti gani? Huyu akataja mti mmoja, yule akataja mwingine, na uongo ukaanguka. Danieli hakuwa na elimu kuliko wale wazee. Alikuwa na swali, na mtu wa kumwuliza.

Ndiyo nguvu ya kinywa. Mtu huulizwa, karatasi haiulizwi. Mtu akisema uongo huona haya, hukohoa, hutazama chini. Karatasi haioni haya. Tena karatasi hujibu yale tu ambayo mwandishi alitaka kuyajibu. Barua ya yule mwenye kamyo haikusema uongo hata mahali pamoja: yawezekana kweli alihesabu gharama zake peke yake. Ilinyamaza tu juu ya mtoto. Na Mtume Yohane, mwishoni mwa waraka wake wa pili, aliandika kwamba anayo mengi ya kusema, lakini hapendi kuyasema kwa karatasi na wino. Atumaini kuja kwao, wasemezane kinywa kwa kinywa. Mtu mkubwa kama huyu, mwandishi wa Injili, alijua kuna maneno ambayo wino hauwezi kuyabeba.

Neno la karatasi

Lakini wako na wasemao: bila karatasi hakuna haki. Nao tuwasikilize.

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Ulimi hauna mfupa, leo wasema hivi na kesho vingine. Watu husahau. Mvua mbili zikipita, nani akumbuka ni Jumanne ama Alhamisi? Zaidi ya hayo, liko neno la hofu. Mpeleke mchuuzi mdogo mbele ya baraza, mkalishe tajiri mbele yake, yule amkopeshaye chumvi, yule ambaye kamyo lake ndilo humbebea magunia, kisha mwambie: sema. Atasema nini? Atasema hakumbuki. Kwa mtu wa namna hii karatasi iliyoandikwa mapema, kabla hajatishwa, ni ngao. Na Ayubu katika mateso yake alitamani maneno yake yaandikwe kitabuni, maana aliona wenzake wanayageuza kila mara.

Hata mabaraza makubwa ya dunia yamejifunza hayo. Mwaka 2009 Tume ya Ulaya iliitoza kampuni ya Intel, itengenezayo viungo vya kompyuta, faini ya yuro milioni 1,060. Katika uchunguzi ule, mwaka 2006, watu wa tume walizungumza saa nyingi na mkubwa mmoja wa kampuni ya Dell, lakini mazungumzo yale hayakuandikwa sawasawa. Ilibaki karatasi fupi tu ya kukumbushana wenyewe kwa wenyewe. Intel ikauliza: twajuaje kama mtu yule hakusema neno la kututetea? Mwaka 2017 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikaamua kwamba mazungumzo ya namna hiyo lazima yaandikwe ama yanaswe sauti, ijapokuwa shauri lenyewe liligeuka kwa sababu nyingine, na faini ile ikafutwa mwaka 2022. Maana yake ni hii: neno lililosemwa na kupotea haliwezi kumhukumu mtu, wala haliwezi kumwokoa.

Lakini angalia na hili. Kwa kanuni iliyotangazwa na tume hiyohiyo mwaka 2006, kampuni itakayo kukiri mapatano ya siri na kupunguziwa adhabu yaweza kukiri kwa kinywa. Watu wa tume hunasa sauti na kuiandika wao. Kwa nini? Kwa sababu kampuni zaogopa kwamba karatasi ya kukiri, kama ikiwa mikononi mwao, mahakama za Marekani zitaidai, na waliodhulumiwa wataitumia kudai fidia. Basi mnyonge aogopa kunena na kukimbilia karatasi. Mwenye nguvu aogopa karatasi na kukimbilia kunena. Kila mmoja achagua chombo kimfaacho. Na waamuzi wa Ulaya, kwa kujua hayo, wamesema: neno la kampuni moja iliyokiri, wenzake wakilikana, halitoshi peke yake kuwapatiliza, lazima liungwe mkono na ushahidi mwingine.

Pengine msomaji atauliza: kukiri huko si kama kitubio chetu? Hapana, ndugu. Katika sakramenti ya kitubio mtu hujishitaki mwenyewe, wala si mwenzake; na padre hawezi kutoa neno lile nje hata akiuawa. Yule wa kampuni ajishitaki pamoja na wenzake ili apunguziwe faini. Aweza kusema kweli, nasi tumshukuru. Lakini mtu ashitakiye wengine kwa faida yake apasa kuulizwa vizuri.

Vyote viwili vyaweza kudanganya

Je, kinywa ni bora ama karatasi? Kitabu cha Wafalme chatujibu kwa habari ya Nabothi. Malkia Yezabeli alitaka shamba la mizabibu la Nabothi kwa ajili ya mfalme Ahabu. Akaandika barua kwa jina la mfalme, akazitia mhuri wa mfalme. Halafu wakaletwa watu wawili waovu, wakasimama mbele ya watu wote, wakashuhudia kwa kinywa. Karatasi ilikuwapo, mhuri ulikuwapo, mashahidi wawili walikuwapo kama sheria ya Musa ilivyodai, na mtu asiye na kosa akapigwa mawe.

Basi tusidhani kwamba namna ya ushahidi peke yake yatuokoa. Mtakatifu Tomaso wa Akwino afundisha kwamba katika matendo ya wanadamu hatuwezi kupata hakika kama ile ya hesabu. Twatosheka na hakika iliyo karibu na kweli, nayo ndiyo tuipatayo kwa mashahidi wawili ama watatu. Mwenye kuhukumu apasa kukumbuka daima kwamba hakika yake ni ya kibinadamu. Akikumbuka, atauliza swali moja zaidi. Akisahau, atafunga mfuko wake na kwenda zake.

Kanisa laagiza nini

Wengi wetu hatujui kwamba Kanisa takatifu lina mabaraza yake ya hukumu, na kwamba limekwisha kulitolea swali letu jibu. Jibu hilo lilikuwamo katika kitabu cha sheria za Kanisa cha mwaka 1917, nalo limo tena katika kitabu cha mwaka 1983.

Kwanza, mashahidi waulizwe mmoja mmoja, kama Danieli alivyofanya. Pili, shahidi atoe ushuhuda wake kwa kinywa, asisome maandiko aliyoyatunga. Lakini kanuni ya 1566 yaongeza jambo la busara: ikiwa neno ni la hesabu na mahesabu ya mali, shahidi aweza kutazama karatasi alizokuja nazo. Tatu, maneno yake yaandikwe papo hapo na mwandishi, tena maneno yenyewe aliyoyasema, hasa yale yagusayo kiini cha shauri. Nne, na hili ndilo lililonichoma moyo nilipolisoma: kanuni ya 1569 yaagiza kwamba mwishoni shahidi asomewe yaliyoandikwa, naye apewe nafasi ya kuongeza, kuondoa, kusahihisha na kubadili. Ndipo atie sahihi.

Tazama jinsi kila kitu kilivyopewa kazi yake. Hesabu ni kazi ya karatasi: magunia mangapi, bei gani, siku gani. Hapo kumbukumbu ya mtu ni dhaifu, na daftari lina nguvu. Lakini nia ni kazi ya kinywa: ulimsikia nani, ulikubali nini, ulinyamaza kwa sababu gani. Maana mapatano ya siri ni jambo la nia, na nia haina daftari. Na mwishoni karatasi yarudishwa kwa kinywa, ili mwenye neno alitambue neno lake kama mama atambuavyo mtoto wake kati ya watoto wengi.

Utasema: hayo ni ya mabaraza ya Kanisa, mkubwa wa serikali ana mashauri mengi na petroli kidogo, hana siku ya kumsomea kila mmoja. Nakujibu: kumsomea mama maneno yake kungalichukua muda wa kuvuta sigara moja. Utasema tena: katika nchi nyingine mashahidi huandika hati ya kiapo, na mahakama huzikubali. Kweli, Kenya na Tanzania wafanya hivyo. Lakini huko mpinzani aweza kuomba aliyeapa aitwe, asimame, aulizwe. Karatasi hukubaliwa kwa sababu mtu yupo nyuma yake. Ubaya si kuandika. Ubaya ni kuandika ili mtu asiulizwe.

Na utasema mara ya tatu: mnyonge ataogopa kusema mbele ya tajiri. Hilo ni kweli, tena ni zito. Lakini dawa yake ni kumlinda, si kumnyang'anya kinywa. Aulizwe kwa faragha kwanza, kwa lugha yake mwenyewe, na mkalimani asiye mdeni wa tajiri. Katiba yetu ya mwaka 2006 yakiita Kifaransa lugha ya serikali, bali yataja na lugha nne za taifa, na Kiswahili ni mojawapo. Maneno yaliyosemwa kwa Kiswahili yaandikwe kwanza kwa Kiswahili, kama yalivyotoka kinywani, ndipo yafasiriwe. Kama ningaliandika "tulisikilizana" vilevile, mtu mwenye akili angaliuliza: maana yake nini? Nilipoliandika kwa Kifaransa, swali lilikufa.

Wajibu wetu

Katika habari hii mimi sikudanganya. Niliandika neno ambalo mama alilisema. Lakini nilimshuhudia jirani yangu uongo, kwa uvivu na haraka, kwa njaa ya jioni moja. Nimeelewa sasa kwamba amri ya nane haimhusu anenaye peke yake. Yamhusu mwandishi, ambaye hukopeshwa ulimi wa mwenzake na apasa kuurudisha mzima. Yamhusu mwenye kuhukumu, ambaye hapaswi kupenda barua nzuri kuliko mtu mwenye kigugumizi. Yamhusu mwenye mali, ambaye aweza kununua karatasi isiyo na uongo hata mmoja na yenye udanganyifu mtupu. Nayo yamhusu shahidi mwenyewe, maana yule mama alinyamaza juu ya mtoto kwa kuwa hakuulizwa, na pia kwa kuwa aliogopa.

Kanisa lafundisha kwamba aliyemharibia mwenzake mali ama jina apasa kurudisha, haitoshi kujuta. Basi mimi niliandika karatasi ya pili, kwa Kiswahili upande mmoja na Kifaransa upande wa pili, nikieleza neno lilikuwa gani na nililigeuzaje. Nilimsomea mama. Akanisimamisha mara mbili na kusahihisha: mahali nilipoandika "jioni" akasema "baada ya Malaika wa Bwana", na mahali nilipoandika kwamba hakukubali bei ile akasema, "Hapana, Mwalimu, usinisaidie. Niliikubali, kwa sababu nilitaka faida kidogo." Hapo nikaona kwamba kweli yake ilikuwa safi kuliko utetezi wangu.

Karatasi ile nikaipeleka. Fedha ya faini haikurudi. Mbuzi mmoja nimemlipa kwa mavuno ya muhogo, wa pili ningali namlipa.

Ndugu msomaji, siku moja nawe utaitwa kushuhudia, ama utashika kalamu kwa ajili ya asiyejua kuandika. Ukiwa shahidi, usitie dole gumba kabla hujasema neno hili: Nisomee. Ukiwa mwandishi, usingoje kuambiwa. Soma polepole, kwa lugha yake, mpaka aseme mwenyewe: Ndiyo, ndivyo nilivyosema.